Rimu za 114.3 kwenye Wish ya 100: usimruhusu fundi ashike drili kwanza

SWALI: Nina Toyota Wish ya mwaka 2010 na ninaishi Kasarani. Nimenunua rimu nne za spoti Kirinyaga Road, za inchi 17. Nyuma zimeandikwa 17x7J, 42, 5x114.3, na tundu la katikati ni milimita 73.1. Rimu zilizokuja na gari ni 15x6J, 45. Kwa fundi wa matairi zimekataa kuingia. Mmoja anasema atapanua matundu, wa pili anataka kutoboa mengine matano, na wa tatu ananiambia ninunue adapta. Nimsikilize nani? Na nati zangu za zamani zitafaa?

JIBU: Huyo wa kwanza mkatalie kabisa, wala usimwachie rimu zako zilale kwake. Wa pili anataja kazi inayowezekana kwa rimu chache sana, tena kwa mashine ambayo karakana nyingi za mtaani hazina. Wa tatu anazungumzia kifaa halali kinachofanya kazi kwenye magari mengi, ila kwa gari lako na rimu hizo hesabu inakataa. Ushauri wangu ni urudi Kirinyaga Road na rimu zikiwa bado hazijaguswa, mbadilishane na za 5x100, hata kama itabidi uongeze kitu kidogo. Rimu ambayo haijatobolewa ina mnunuzi. Iliyotobolewa haina.

Tuanze na maandishi ya nyuma ya rimu. 5x114.3 ni matundu 5 yaliyopangwa juu ya duara lenye kipenyo cha milimita 114.3, yaani inchi 4 na nusu. Wish yako ni 5x100. Ukiiweka rimu katikati ya habu (kitovu chenye bolti ambacho gurudumu hufungwa) sawasawa, kila tundu litakuwa limepita bolti yake kwa milimita 7.15 kuelekea nje. Bolti yenyewe ina unene wa milimita 12. Kwa hiyo hilo si suala la kugonga kidogo ili ziingie.

Rimu ya matundu 4 ni rahisi kupima: kutoka kati ya tundu moja hadi kati ya tundu linalotazamana nalo. Rimu ya matundu 5 haina yanayotazamana, kwa hiyo watu hukisia kwa macho, na wauzaji wengi hukisia pamoja nao. Njia sahihi ni hii. Chukua matundu mawili yanayofuatana, weka rula ya chuma kwenye ukingo wa kushoto wa tundu la kwanza, soma ukingo wa kushoto wa tundu la pili, kisha zidisha kwa 1.701. Ukipata milimita 58.8 kwenye rula, rimu ni ya 100. Milimita 65.8 ni 112, 67.2 ni 114.3, na 70.5 ni 120. Angalia jinsi 112 na 114.3 zilivyokaribiana: ni milimita 1.4 tu kwenye rula. Hapo rula haitoshi, tumia venia (kipimo chenye taya kinachosoma sehemu za milimita). Nitarudi kwenye jozi hiyo kwa sababu ndiyo inayoumiza watu.

Sasa sababu ya kukataa matundu yaliyopanuliwa. Wengi huamini kwamba gari limening'inia juu ya bolti, kama koti kwenye misumari, na kwamba ilimradi bolti zimepita basi gurudumu limeshikwa. Gurudumu halishikwi hivyo. Nati inapokazwa, bolti inavutika kwa kiasi kidogo mno, na katika kutaka kurudi inaibana rimu kwenye uso wa habu. Bolti moja ya milimita 12 ikikazwa kwa nyutoni-mita 103, ambacho ndicho kipimo cha Toyota kwa magari madogo ya aina hii, hutoa mbano wa takriban kilonyutoni 40, karibu uzito wa tani 4. Zikiwa tano unapata tani 20 hivi. Msuguano unaotokana na mbano huo ndio unaobeba gari, ndio unaopokea breki, na ndio unaozuia rimu isitambae juu ya habu unapoingia kwenye shimo. Bolti kazi yake ni kuvuta. Ikianza kubeba kwa ubavu, siku zake zinahesabika.

Mbano huo unapatikana tu ikiwa nati imekaa kwenye kiti chake pande zote. Rimu nyingi za spoti zina kiti cha koni cha nyuzi 60, na nati yake ina koni ya nyuzi hizo hizo. Fundi akipanua tundu kwa milimita 7 kuelekea katikati, nusu ya koni imeondoka. Nati itakaa kwenye ukingo mwembamba wa upande mmoja, na unapoikaza itaipinda bolti badala ya kuivuta. Spana itakuambia imekaza, lakini sehemu kubwa ya nguvu yako imeishia kwenye kupinda na kwenye msuguano wa ukingo ule. Ukiendesha, alumini ya ukingo inasagika, nati inalegea, rimu inaanza kutembea, na bolti inapindwa mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu. Tairi la Wish lina mzunguko wa karibu mita 2, kwa hiyo katika kila kilomita bolti inapindwa mara 500. Chuma hakivumilii hilo kwa muda mrefu. Kwa kawaida hukatika kwenye shina, pale inapotokea kwenye habu, na zilizobaki hufuata haraka kwa sababu sasa zimebeba na mzigo wa mwenzao.

Kuna pia wale wanaosema wafunge nati mbili au tatu zinazokubali, ukifika nyumbani utaona. Kwa rimu yako hata hiyo haiwezekani bila kuisogeza rimu pembeni ya habu, na gurudumu lisilokuwa katikati litaruka kama limepachikwa kwenye yai.

Njia ya kutoboa matundu mapya ina mantiki kwa mbali. Fundi angeweka matundu matano ya 5x100 katikati ya yale ya zamani, kwa kuzungusha nyuzi 36. Kati ya tundu jipya na la zamani kungekuwa na milimita 34 hivi kutoka kati hadi kati, nafasi inayotosha kwenye karatasi. Tatizo ni chuma kilichopo hapo. Geuza rimu yako utazame nyuma: katikati ya matundu karibu kila rimu ya spoti ina mashimo yaliyoachwa wakati wa kumimina ili kupunguza uzito. Tundu jipya litaangukia humo humo, mahali ambapo unene ni mdogo na hapakukusudiwa kukazwa nati. Halafu tazama tundu la katikati. Likiwa milimita 73.1, na matundu ya bolti yakiwa ya milimita 14, ukuta kati yake na tundu la bolti kwenye duara la 114.3 ni milimita 13.6. Kwenye duara la 100 unabaki milimita 6.4, chini ya nusu.

Tuseme rimu ina chuma cha kutosha. Bado kazi hiyo inataka mashine inayogawa duara kwa usahihi na kukata koni ya nyuzi 60 papo hapo. Kule Kariobangi Light Industries na Industrial Area wapo wakerezaji hodari wenye mashine nzuri, na ninawaheshimu. Lakini kinachofanyika mara nyingi ni kukata karatasi ngumu kama kielelezo, kugonga alama kwa msumari, na kutoboa kwa drili ya mkono. Kosa la nusu milimita kwa tundu moja linatosha kuirudisha ile hadithi ya nati inayokaa upande mmoja.

Na asitokee mtu wa kujaza matundu ya zamani kwa kuchomelea. Rimu za alumini hupata nguvu yake kwa kupashwa joto la zaidi ya nyuzi 500, kupozwa ghafla, kisha kuokwa tena kwa joto la chini kwa saa kadhaa. Moto wa kuchomelea unaifuta kazi hiyo yote mahali pale pale panapobanwa na nati.

Zipo rimu zilizotobolewa kiwandani kwa duara mbili, zenye matundu 10 kwa 5x100 na 5x114.3, au 8 kwa 4x100 na 4x114.3. Hizo ni salama, kwa sababu chuma cha katikati kiliundwa kwa ajili hiyo. Ukizipata kwa muuzaji wako, tatizo lako limekwisha. Zitofautishe na zilizotobolewa mtaani kwa kutazama ndani ya matundu yote: ya kiwandani yana koni zinazofanana na rangi au umaliziaji ule ule, ya mtaani yanang'aa alumini tupu katika matano na rangi katika matano mengine.

Sasa adapta, na hapa nitakaa kidogo. Adapta nzuri ni sahani ya alumini yenye matundu matano ya 5x100 inayofungwa kwenye habu kwa nati zake, na bolti nyingine tano za 5x114.3 zinazotokeza nje ambazo rimu itafungwa kwazo. Kwa kuwa tofauti kwa kila bolti ni milimita 7.15 tu, tundu na bolti haviwezi kukaa kwenye mstari mmoja, ndiyo maana hupishana kwa nyuzi 36. Unene usipungue milimita 20. Chini ya hapo hakuna chuma cha kutosha kuficha nati za ndani na bado kuzishika bolti za nje. Iwe imetengenezwa kwa alumini iliyofuliwa, si ya kumiminwa, na igongwe alama ya 6061-T6 au 7075-T6. Bolti zake ziwe za daraja 10.9, zilizoshindiliwa kutoka nyuma. Upande wa ndani iwe na tundu la milimita 54.1 linaloingia kwenye habu ya Toyota bila kucheza, na upande wa nje iwe na ukingo unaoishika rimu katikati.

Ile ya kukerezwa mtaani kwa chuma cha kawaida iache. Sahani ya chuma ya unene wa milimita 20 na upana wa milimita 150 ina uzito wa karibu kilo 3 kabla ya kutobolewa, ya alumini haifiki kilo 1. Kinachonitisha zaidi si uzito, ni bolti zilizochomelewa kwenye sahani. Bolti ya daraja 10.9 ikipigwa moto wa kuchomelea inapoteza ugumu wake shinani, na shina ndilo linalovutwa.

Lakini hata adapta bora kabisa itakusukumia gurudumu nje. Nambari 45 na 42 zilizo nyuma ya rimu ni ofseti: umbali kwa milimita kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu. Kadiri inavyopungua, ndivyo gurudumu linavyotoka nje. Adapta ya milimita 20 huipunguza kwa 20 kamili, kwa hiyo 42 yako inakuwa 22.

Fanya hesabu nami. Rimu ya 6J, yaani ya inchi 6, ina upana wa milimita 152.4, nusu yake 76.2. Toa 45, unabaki na 31.2. Hapo ndipo ukingo wa nje ulipo sasa ukipima kutoka usoni pa habu. Rimu ya 7J ni milimita 177.8, nusu yake 88.9. Toa 22, unapata 66.9. Tofauti ni milimita 35.7. Gurudumu lako litatoka nje karibu sentimita 3.6 kila upande kuliko lilivyoundwa. Ukiwa peke yako huenda tairi likapita chini ya fenda. Pakia watu saba, pita kwenye tuta kwa mwendo, na tairi la nyuma litaikata fenda au fenda itakata tairi. La mbele litagusa unapokata kona huku gari limezama. Beringi nayo inapata mkono mrefu wa kupindwa, na usukani utaanza kuvutwa na kila shimo kwa sababu tairi limehama kutoka kwenye mhimili linalopindia.

Bado kuna jambo moja ambalo muuzaji wa adapta hukumbuka kulitaja baada ya kulipwa. Pima bolti za gari lako kutoka usoni pa diski hadi nchani. Zikizidi unene wa adapta, zitatokeza na kuigonga rimu kwa nyuma kabla uso wake haujakaa. Rimu inaonekana imekaza, kumbe imekalia ncha tano. Suluhisho ni yale mashimo ya kupunguza uzito nyuma ya rimu, ikiwa yameangukia mahali pa ncha, au adapta ya milimita 25, ambayo itakutupa nje milimita 5 zaidi. Wengine hukata bolti kwa graenda. Ukifanya hivyo, rimu zako za awali hazitapata uzi wa kutosha siku utakapozirudisha, na hilo huwa halikumbukwi na anayelinunua gari baadaye.

Ndiyo maana nasema hesabu imekataa. Adapta inafaa mahali ambapo rimu ina ofseti kubwa na fenda ina nafasi, kwa mfano rimu ya ofseti 50 na zaidi kwenye gari linalopenda 30. Wish si gari hilo. Na adapta za kugeuza matundu 4 kuwa 5 sizipendekezi kwa gari lolote, kwa kuwa mpangilio wa nyuzi 90 na ule wa nyuzi 72 haupishani vizuri, na baadhi ya bolti huishia kukaribiana mno na matundu ya nati.

Nilisema nitarudi kwenye 112 na 114.3. Wewe umeokolewa na ukubwa wa tofauti, rimu imekataa kuingia ukajua kuna jambo. Mwenye Axela au X-Trail, ambazo ni 5x114.3, akiletewa rimu za spoti za 5x112, mpangilio wa Golf na Mercedes, tofauti kwa kila bolti ni milimita 1.15 tu. Rimu inaingia kwa kusukumwa, nati zinashika, gari linaondoka. Kila bolti imepindwa kuelekea katikati na kila nati imekaa upande mmoja. Mtetemo huja kati ya kilomita 80 na 110 kwa saa, kwa hiyo mtu anaweza kuzunguka Jogoo Road wiki nzima bila kuusikia, kisha akausikia Thika Road. Kwa tofauti ndogo kama hizo zipo nati na bolti zenye koni inayocheza, inayoteleza hadi ikae sawa. Hufanya kazi ikiwa rimu imeshikwa barabara katikati na habu au kwa pete ya kujaza nafasi ya tundu la katikati, na ikiwa zimetoka kwa mtengenezaji anayejulikana. Zile zisizo na jina lolote kwenye pakiti usizifunge. Kwako milimita 7 ziko mbali mno na uwezo wake.

Kwa wale wanaouliza kuhusu kubadilisha habu zenyewe: inawezekana, na watu wa Subaru Impreza huifanya kwa kuhamisha vifaa vya STI (toleo la spoti la Impreza) za kuanzia mwaka wa modeli 2005, ambazo zilihamia 5x114.3. Lakini unabadilisha habu, beringi, diski na mara nyingi hata breki ya mkono. Kwa ajili ya rimu nne kwenye Wish sioni sababu.

Basi ukirudi Kirinyaga Road, tafuta hivi. 5x100, upana wa 6.5J au 7J, ofseti kati ya 40 na 48. Rimu ya 7J yenye ofseti 45 itatoka nje milimita 12.7 kuliko yako ya sasa na kuingia ndani milimita 12.7, kiasi ambacho Wish kwa kawaida hukipokea. Ya 6.5J kwa ofseti hiyo inasogea milimita 6.4 tu kila upande, hiyo ni raha tupu. Rimu zilizotoka kwenye Premio, Allion, Caldina na Prius ya ZVW30 ni 5x100 na tundu la katikati ni 54.1 kama lako, zinakaa bila pete. Za Impreza na Forester za kabla ya 2018 ni 5x100 pia, isipokuwa hizo STI, lakini tundu ni 56.1. Zinaingia kwenye Toyota kwa pete ya 56.1 kwa 54.1. Kinyume chake hakiwezekani: rimu ya Toyota ya 54.1 haiingii kwenye habu ya Subaru ya 56.1. Tahadhari nyingine ni ofseti: nyingi za Impreza ni 55, na 7J ya ofseti 55 itaingia ndani milimita 22.7 zaidi ya yako, karibu na shoki. Usinunue kabla ya kuijaribu moja mbele na moja nyuma, ukauzungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili na kuhakikisha kalipa haigusi upande wa ndani wa rimu.

Kagua rimu ikiwa tupu, bila tairi. Pitisha kidole ukingo wa ndani, upande usioonekana, ndiko kuna nyufa na alama za kuchomelea. Rangi mpya iliyopakwa hadi ndani ya ukingo huo uitilie shaka. Omba izungushwe kwenye mashine ya kubalansi kabla ya kulipa, uitazame ikicheza. Na uone kama rangi imeingia kwenye viti vya nati. Rangi nene hapo husagika baada ya siku chache na nati hulegea, iondoe kwa kitambaa chenye thina hadi chuma kionekane.

Nimekuwa nikisema inchi 17 kwa sababu ndizo unazotaka, lakini kwa mashimo ya Nairobi ningechagua 16. Tairi lako la kawaida, 195/65R15, lina kipenyo cha milimita 634.5. Tairi la 205/55R16 lina 631.9, karibu sawa kabisa, na ukuta wa milimita 113 wa kupokea kishindo. Ukishikilia 17, achana na 215/45R17 ambayo wengi watakuuzia: ni ndogo kwa asilimia 1.5 na ukuta wake ni milimita 97. Chukua 205/50R17, kipenyo 636.8. Soma na nambari ya mzigo ubavuni. Tairi lako la sasa ni 91, yaani kilo 615 kwa tairi. 215/45R17 ya kawaida ni 87, kilo 545. Kwa gari la viti saba usishuke chini ya 91. 205/50R17 yenye 93 XL (XL ni tairi lililoimarishwa kwa mzigo zaidi) hubeba kilo 650.

Nati zako za zamani: inategemea zilivyo. Nati za rimu za alumini za Toyota mara nyingi zina shingo iliyonyooka na washa bapa, na rimu ya spoti inataka koni ya nyuzi 60. Bapa juu ya koni hugusa ukingo tu. Za rimu za chuma za Toyota ni za koni, ila mara nyingi ni fupi au pana kuliko matundu ya rimu za spoti. Nunua seti mpya ya nati 20 za koni, uzi wa M12x1.5. Usichanganye na za Nissan, Subaru au Suzuki, hizo ni M12x1.25. Zinaanza kushika kwa vidole mzunguko mmoja hivi, kisha zinagoma, na mashine ya upepo ikilazimisha inakula uzi wa bolti. Nati sahihi huingia kwa vidole hadi mwisho. Hesabu mizunguko tangu inaposhika hadi inapokaa: ipate isiyopungua 8, ambayo ni milimita 12 za uzi, sawa na unene wa bolti yenyewe. Ikipungua, rimu ni nene mno mahali pa nati, tafuta nati za shingo ndefu au bolti ndefu.

Rimu yenye tundu la 73.1 itahitaji pete ya 73.1 kwa 54.1. Pete hailengi kubeba gari, inaiweka rimu katikati tu hadi nati zikaze. Ya alumini hudumu, ya plastiki ya bei rahisi hulainika kwa joto la breki na utaikuta imepindika ukiteremka mara kwa mara kuelekea Mai Mahiu.

Kufunga kwenyewe: piga brashi ya waya kwenye uso wa habu hadi kutu iishe, kwani kutu ya nusu milimita ni sawa na kufunga rimu juu ya kokoto. Bolti ziwe safi na kavu. Usizipake grisi wala oili, kwa kuwa uzi ukiteleza, spana ile ile itaivuta bolti kupita kiasi. Ingiza nati zote tano kwa vidole gurudumu likiwa hewani. Kaza kwa kuruka moja, kwa umbo la nyota, nusu ya nguvu kwanza. Shusha gari, kisha malizia kwa spana ya kupima mkazo ikiwa kwenye 103. Mashine ya upepo ya dukani isitumike kumalizia, haina kipimo. Kama fundi hana spana ya kupima, azima au nunua, ni kifaa utakachotumia miaka mingi.

Rudia mkazo baada ya kilomita 80 hadi 100, gurudumu likiwa limepoa. Wenye adapta wana kazi ya ziada hapa: lazima rimu ivuliwe ili zile nati za ndani zikaguliwe, na wengi hawafanyi. Iarifu kampuni yako ya bima kwamba umebadilisha ukubwa wa rimu. Fomu nyingi huuliza kuhusu mabadiliko ya gari, na jibu lisilo sahihi hukurudia siku ya kudai.

Mwisho, kama fundi yeyote alishajaribu kuzifunga zile za 114.3 kwa nguvu, hata kwa dakika tano, vua gurudumu hilo leo utazame bolti zake. Weka rula wima kando ya kila moja na ulinganishe na wenzake, kisha ingiza nati kwa vidole hadi chini. Iliyopinda itaigomea nati katikati. Ukiipata moja, badilisha zote tano za habu hiyo. Zinauzwa kwa Toyota kama kipuri cha kawaida, hushindiliwa kutoka nyuma ya habu, na meno yake ya shinani lazima yawe ya ukubwa ule ule wa za awali, kwa hiyo nenda dukani na moja ya zamani mkononi.